Macho yaligeuka manjano, nikajua nimekwisha!

Jamani, homa tunaichukulia poa sana. Mimi mwenyewe niliichukulia poa, tena kwa mbwembwe, mpaka asubuhi moja nilipojitazama kwenye kioo nikakuta macho ni ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Miguu iliniisha nguvu palepale.

Kwa wale ambao hatufahamiani, mimi ni kijana wa Tunduma, mkoani Songwe, pale mpakani ambapo ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Nilimaliza kidato cha nne nikapata ile divisheni ambayo mzazi haitangazi kanisani. Tangu hapo naishi kwa kuungaunga: makala moja hapa, kuwasaidia madalali wa mahindi pale, na mwaka 2022 niliwahi kwenda hadi Lubumbashi nikiwa utingo wa lori. Iweke akilini safari hiyo, mpenzi msomaji, maana ina mchango wake katika ujinga ninaotaka kukusimulia.

Ilikuwa katikati ya Mei 2024. Baridi ya kwetu ilikuwa imeanza kung'ata na kila mtu mtaani anakohoa, kwa hiyo nilipoamka viungo vinauma sikushtuka. Jioni homa ikapanda. Usiku nikaanza kutapika. Harufu ya mafuta ya chipsi kutoka bandani kwa jirani, ambayo siku zote ilikuwa inanivuta kama sumaku, ikawa inanikimbiza chooni. Sigara nayo, mimi niliyekuwa navuta kama dereva wa usiku, ikawa chungu mdomoni kama nimelamba betri.

Sasa, homa ukijumlisha na kutapika, Mtanzania hapati jibu jingine zaidi ya malaria. Nikajikongoja hadi duka la dawa. Kijana wa pale hata hakuniangalia mara mbili. "Hiyo malaria, kaka, tena imeshapanda." Nikapewa dozi ya mseto na Panadol, nikalipa, nikaondoka. Kupima? Kupima ni kupoteza hela, ndivyo tulivyokuwa tunasema geto.

Dozi ya mseto ikaisha, mimi sijapona. Homa inashuka nikimeza Panadol, inarudi kabla sijamaliza kushukuru. Basi nikawa nameza mbili kila nikisikia kichwa kinagonga, sihesabu saa. Mshikaji mmoja akaniletea vidonge vya mafua, nikachanganya humohumo. Mwingine akaleta dawa ya maumivu yenye jina tofauti kabisa, nikajua hiyo ni kitu kingine, nikameza. Bibi mmoja jirani, Mungu amzidishie maana nia yake ilikuwa njema, akanichemshia mizizi michungu ajabu. Na ili mchezo ukamilike, kuna mwanakijiwe alishauri nipige robo kikombe cha gongo "nitoe jasho". Nilipiga. Blanketi ndilo linajua kilichofuata.

Siku ya saba nikaenda kujisaidia haja ndogo nikaona mkojo una rangi ya Coca-Cola. Nikajisemea ni upungufu wa maji. Haja kubwa nayo ikawa imepauka kama udongo wa mfinyanzi. Nikanyamaza, maana mambo ya chooni mwanaume hasimulii. Upande wa kulia, chini ya mbavu, kuna kitu kinaniuma kama nimepigwa kiwiko. Siku ya tisa ndipo mshikaji tunayelala naye chumba kimoja aliponiangalia akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, macho yako!"

Habari ikazagaa mtaa mzima kabla ya saa nne. Si unajua tena watu wa mpakani, neno "homa ya manjano" tunalijua kama tunavyojua kwacha. Madereva wanaokwenda Kongo wanabeba kadi ya njano ya chanjo hiyo, na bila kadi kule huingii. Basi watu wakapiga hesabu: macho manjano, homa, kwa hiyo homa ya manjano. Mmoja akasema nitafungiwa karantini. Mwingine akasema mbu aliyeniuma mimi sasa atawamaliza wao.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipofikia kileleni. Badala ya kuogopa, nikatabasamu. Nikavuta begi chini ya kitanda, nikatoa kadi yangu ya njano niliyoipata mwaka 2022 kwa ile safari ya Lubumbashi. Nimechanjwa bwana! Na chanjo ile siku hizi ni ya maisha, tangu Julai 2016 kadi haina tena ule mwisho wa miaka 10. Nikawaonyesha kadi kama refa anavyomwonyesha beki. "Mimi hainipati hiyo," nikasema, kisha nikainama nikatapika nyongo tupu.

Aliyeniokoa ni bi mkubwa. Alipigiwa simu kijijini kwao Mbozi akaja na gari la kwanza. Hakusema neno, alinishika kidevu, akaniangalia macho, akaangalia viganja vyangu, kisha akasema, "Vaa viatu." Kila kidonge alichokikuta juu ya meza alikikusanya akatia kwenye mfuko wa karatasi, na chupa ya mizizi vilevile. Tukapanda gari la kwenda Vwawa. Njia nzima nilikuwa nimeshika ndoo ndogo mapajani, abiria wamenipisha kiti kizima. Sikuwahi kukaa kwa nafasi namna ile katika gari la Tunduma.

Hospitali walinitoboa kidole kwanza. Malaria: hakuna. Tisa yote, kumi nilipoulizwa nimetumia dawa gani, nikajibu "Panadol kidogo tu, dokta." Mama akaumimina ule mfuko mezani.

Dokta, kijana tu, pengine ananizidi miaka mitano, akaanza kupanga vile vidonge kama mtu anayecheza bao. Akaniuliza nilimeza vingapi kwa siku. Nikapiga hesabu, nikakuta siku nyingine vilifika 12 au 14. Akasema dawa ya mafua ile ina parasetamoli ndani, ile ya maumivu yenye jina jingine nayo ina parasetamoli, na Panadol ni parasetamoli yenyewe. Mimi nilidhani nameza dawa tatu, kumbe nameza moja mara tatu. Mtu mzima mwenye ini zima kikomo chake ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ini ndilo linaloivunja dawa hiyo, na likizidiwa mabaki yake yanageuka sumu ya kuliua ini lenyewe.

"Ini lako lilikuwa tayari linaungua," akasema, "halafu wewe ukawa unalimwagia petroli."

Mama alishika kichwa. Mimi nilikuwa namwangalia nesi anavyonitafuta mshipa.

Nilimwuliza kuhusu homa ya manjano, nikamtolea na kadi yangu. Alicheka, lakini si kwa dharau. Akasema macho kuwa manjano si ugonjwa, ni king'ora. Ini likishindwa kazi yake, ile rangi ya nyongo inabaki kwenye damu na kujitokeza machoni. Anayekipiga king'ora anaweza kuwa malaria kali, pombe, dawa, mizizi, au virusi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walitapika, macho yakawa manjano na matumbo yakavimba, wengine wakafa, kumbe ni mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu. Hapo nilimeza mate, maana mahindi ndiyo kazi yangu. Hata homa ya mgunda, ile iliyowasumbua watu wa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 na ambayo hutoka kwenye mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, inaweza kuligusa ini. Homa ya manjano yenyewe ni ya mbu, ndiyo niliyochanjwa. Lakini homa ya ini ni kitu kingine, na ina aina zake: A na E unazila na kuzinywa kwenye uchafu, B na C zinapita kwenye damu, B inapenda sana na njia ya kitandani, na D haimpati mtu asiye na B.

Majibu yalitoka mchana. Ukimwi: hakuna. Homa ya ini C: hakuna. B: ipo. Kipimo cha kazi ya ini kilikuwa juu mno.

"Una mwenza?" dokta akauliza.

Nilikuwa naye. Nilikuwa na mchumba, binti anayesuka nywele saluni mjini Tunduma, na barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa kwao mwezi Aprili. Mama akainuka taratibu akasema anakwenda kununua maji. Akili zake bi mkubwa huwezi kuzipata chuoni.

Dokta akanieleza kwa utulivu. Kirusi hiki kikishaingia mwilini kinaweza kukaa kimya mwezi mmoja hadi 6 kabla hujaugua, kwa hiyo asingeweza kuniambia nilikipata wapi. Wembe wa kuazimana, mashine ya kinyozi iliyomkata mtu damu isisafishwe, mswaki wa mwenzio, mapenzi bila kondomu. Nje ya mwili kinaishi siku 7 na ushee. Nikakumbuka mambo ya geto letu: mashine moja ya kunyolea, vijana watatu, na kuna asubuhi moja nilikosea mswaki nikaona si kitu. Nikakumbuka na mambo mengine ambayo sitayaandika gazetini.

Habari njema aliyonipa ilikuwa na mkia. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unakifukuza kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki 5 katika kila 100. Mtoto mchanga ndiye mwenye balaa, kwake karibu wote wanabaki nacho, na ukubwani kinaweza kuwaletea ini kusinyaa au saratani, ingawa vidonge vya kila siku vya kukizuia vipo. Lakini kujua mimi niko kundi gani ilibidi kusubiri miezi 6, nipime tena.

Nililazwa siku tatu. Hakuna dawa ya kuiponya homa ya ini B ikiwa ndiyo kwanza imekuingia, hilo liliniuma kulisikia, maana sisi tumezoea kutoka hospitali na mfuko. Kazi yote ni kulisaidia ini lipumzike. Dripu mpaka kutapika kulipopungua. Kisha maji ya chumvi-sukari ya pakiti, kijiko kwa kijiko. Nesi mmoja mkali kama mwalimu wa nidhamu alinifundisha: ukitapika usikimbilie kunywa glasi nzima, tulia dakika 10, anza tena na kijiko, dakika mbili tatu kingine. Chakula kidogokidogo mara nyingi. Asubuhi ndipo nilipokuwa na nafuu ya kula, kwa hiyo uji mzito na ndizi niliupiga saa hizo, jioni nikawa nagusagusa tu. Mafuta niliyakimbia mwenyewe bila kuambiwa. Homa ikija, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na nguo nyepesi. Panadol mpaka dokta aseme, na kwa kiasi atakachosema yeye. Pombe hapana. Mizizi hapana, hata ya bibi mwenye huruma.

Mama alipewa na mambo ya kuangalia nyumbani. Nikianza kuongea vitu visivyoeleweka, au kulala mchana kutwa na kukesha usiku, nikitapika damu, fizi zikivuja, tumbo likivimba, au maji hata ya kijiko yakikataa kukaa, nirudishwe saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mama hakuandika, lakini kila alfajiri alikuwa ananiamsha: "Leo siku gani? Rais nani? Mimi jina langu nani?" Siku moja nilimtania nikasema simjui, akaanza kufunga kanga kiunoni twende Vwawa. Sikurudia.

Wiki mbili nilikaa kwake Mbozi, kwenye migomba na mibuni. Ndipo alipotoa kadi ya kliniki ya mdogo wangu wa kike aliyezaliwa mwaka 2004. Humo kulikuwa na chanjo ya homa ya ini B, sindano tatu, zimepigwa muhuri. Yangu, mimi wa 1998, haina. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote chanjo hiyo mwaka 2002. Yaani dogo, ambaye nilikuwa namtisha na mjusi, ndiye mwenye ngao, na mimi kaka mtu nimetembea miaka 26 kifua wazi. Mtu mzima anaweza kuchanjwa pia: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Mimi nilihangaika kutafuta kadi ya Kongo, hii hata jina lake sikuwahi kuliuliza.

Kumwambia mchumba ilikuwa kasheshe. Niliandika meseji nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamwomba aje. Nikamweleza yote, nikijua kila sentensi inaweza kuwa ya mwisho baina yetu.

Alinyamaza sana. Kisha akauliza swali moja tu: "Umeitoa wapi?"

Nikasema sijui. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli, na ndilo jibu baya kuliko yote ambayo mwanaume anaweza kumpa mwanamke. Akaondoka bila kunywa chai ya mama. Siku nne simu haipokelewi. Ya tano akapiga yeye, yuko hospitali, anataka kujua kipimo kinaitwaje. Akapima. Hana. Nilikaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa kamba.

Wiki hiyohiyo, mwanzoni mwa Juni, akachoma sindano ya kwanza, kwa hela zake za ususi, mimi sina hata senti. Akanipa na masharti: kondomu mpaka miezi 6 iishe na majibu yatoke, na posa isogee mbele. Baba yake mdogo yeye alitaka ivunjwe kabisa. Alisema hawezi kumtoa binti kwa mtu wa ini. Nasikia binti alimjibu, kwa adabu zote, "Baba, na mimi kinyozi akinikata nitakuwa mtu wa nini?" Sikuwepo, lakini sentensi hiyo nimeinunua kwa bei yoyote.

Niliporudi geto nikakuta kikombe changu kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu, kisichanganyike na vingine. Sahani vilevile. Nikawaelewesha washikaji kwamba kula pamoja hakuambukizi, kupeana mikono hakuambukizi, kukohoa hakuambukizi. Walitikisa vichwa, wakaendelea kunitengea. Cha ajabu, mashine ya kunyolea waliendelea kuitumia wao kwa wao, na hiyo ndiyo yenye hatari! Niliikata waya wake kwa kisu. Tuligombana, kisha wawili wakaenda kupima. Majibu yao ni yao.

Miezi ile sikuigusa bia. Kukaa kijiweni Tunduma na soda mkononi si mchezo, watu wanadhani umeokoka au umefulia. Nguvu zilirudi polepole mno; Juni nilikuwa nikipanda kilima kidogo nakaa chini, gunia la mahindi lisiseme. Macho yalirudi meupe mwanzoni mwa Julai. Tarehe 28 mwezi huo ilinipitia kwa namna yake, maana ndiyo siku ya homa ya ini duniani. Ilichaguliwa kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa kwa Baruch Blumberg, Mmarekani aliyekigundua kirusi cha B na kupata Nobel mwaka 1976. Nilimwuliza mchumba kama tumkatie keki. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu Mei.

Desemba 2024 tulikwenda Vwawa pamoja. Yeye sindano ya tatu, mimi kipimo. Tulikaa benchi moja. Yeye aliitwa kwanza, akatoka anasugua bega. Mimi nilikaa saa nzima nikihesabu vigae vya sakafuni, nikavimaliza nikaanza upya. Nilipoitwa akainuka naye, hakuuliza kama anaruhusiwa.

Dokta alikuwa yuleyule. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akaigeuza tukaiona wenyewe. Homa ya ini B: hakuna. Na kazi ya ini imerudi kawaida.

Mchumba akashusha pumzi. Halafu akamgeukia dokta: "Sasa na yeye akinyolewa mahali, si ataipata tena?" Dokta akasema hapana, mwili ulioishinda kwa kawaida unabaki na kinga yake. Akaridhika. Tulipofika nje akampigia simu baba yake mdogo, akamsomea karatasi yote mpaka muhuri, nami nimesimama pembeni nimeshika mkoba wake.

Mtaani hawakubadilika. Mpaka leo nikipita kijiweni wananiita Manjano, na kikombe changu bado kina ile rangi ya kucha.